Albamu ya Pili ya Tausi wa Chuma

Nakuru,
9 Februari 2024

Mpwa wangu Milcah,

Koti limefika. Arnold alilileta mwenyewe mpaka mlangoni, limefungwa ndani ya taulo la hoteli anakofanya kazi mamako. Usimwambie nimeona jina la hoteli. Nimelivaa mbele ya kioo nikajiogopa kidogo. Hivyo vimetameta vya mabegani umevitoa wapi? Marvin anasema nikisimama juani ndege zitadhani Nakuru kuna uwanja mkubwa.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe ni "mm" na "sawa", na jambo hili haliwezi kuisha kwa "sawa".

Albamu ya pili tumeimaliza. Inaitwa "Kioo Hakilali". Unakumbuka ile ya kwanza, "Poda na Radi": nywele zimetimka, wanja, rangi ya mdomo, suruali za kubana mpaka kukaa ni shida. Watu wa roki Nairobi walitupenda. Bendi ya wanaume waliojipamba kama maharusi, na bado gitaa linapiga kama mvua ya mawe! Lakini siku zimesonga. Vijana wanaokuja kwenye maonyesho sasa wamevaa nyeusi, wanasimama tuli, wanaangalia viatu vyao. Wanataka gitaa linalonung'unika. Tukipanda jukwaani na wanja wetu wanatoa simu watupige picha za kucheka.

Basi Marvin, mpiga ngoma wetu, amenifanyia ujeuri. Tulikuwa tumesharekodi nyimbo zote, akaniomba tuzirudie zilezile polepole, bila mayowe, bila "hoi hoi". Tukazirudia. Sasa tuna albamu moja yenye sura mbili, na tunaweza kutoa moja tu. Wale wengine wawili wanasema lolote ni sawa. Marvin hataki kusikia habari ya ile ya kwanza. Mimi nimesikiliza zote mpaka sisikii tena. Nimewaambia nitauliza mtu mmoja anayetujua tangu mwanzo. Sikuwaambia ni nani.

Arnold anarudi kazini huko Doha Jumapili na amebeba flashi. Folda ya kwanza ni yetu. Ya pili ni ya Marvin. Sikiliza, kisha uniambie. Utakalosema nitalifuata.

Sisi huku wazima, tunakula, tunacheka. Msalimie dada Edith.

Mjomba wako,
Laban

—

Al Mansoura, Doha,
28 Februari 2024
(barua pepe)

Gakii,

Tangu uende chuo Nairobi sina mtu wa kumwambia mambo, kwa hiyo vumilia urefu wa barua hii.

Mjomba Laban amenitumia albamu yao mpya kwa mkono wa Arnold, yule dereva wa hoteli. Ziko mbili na anataka nichague. Mimi! Mtu ambaye huko shuleni nilikuwa nakutuma wewe ukaniombee ruhusa ya kwenda chooni.

Nilisubiri mama aende shifti, nikavuta pazia la upande wangu wa chumba, nikasikiliza. Folda ya kwanza ni kama zamani, makelele na mbwembwe. Gakii, niliona aibu, kama mtu anayemtazama baba yake akicheza harusini. Nilikuwa naupenda sana muziki huu. Darasa la saba nilijipaka wanja kama wake, ndani ya choo, nikanawa kabla ya kutoka. Sasa sijui kilichobadilika ni muziki au ni mimi.

Halafu nikafungua folda ya pili. Wimbo wa nne unaitwa "Geti la Wenyewe". Kwenye folda ya kwanza ni wimbo wa sherehe, kila mstari unafuatwa na "hoi hoi", hata maneno huyasikii. Kwenye ya pili anauimba kama mtu aliyekaa chini:

Nalinda mlango nisioingia,
najua jina la paka wao,
wao hawajui langu.

Unajua kwamba mjomba alikuwa mlinzi huku Al Rayyan, kwenye jumba la watu, nilipokuwa mdogo. Ijumaa alikuja kwetu na biskuti, anaiga jinsi mwenye nyumba alivyokuwa akipiga honi, tunacheka mpaka tunalala sakafuni. Nilidhani kulinda geti ni kazi ya kuchekesha. Mwisho wa wimbo ngoma zinaacha ghafla, na kabla ya kimya unamsikia mtu akivuta pumzi. Nililia mpaka nikaogopa jirani wa upande wa pili wa ubao unaotutenganisha atagonga.

Lakini nitamwambiaje? Koti nimeshona mimi, kwa mabaki ya abaya kutoka kwa fundi wa chini, na linang'aa kama dirisha la duka la dhahabu. Nani atavaa koti lile akiimba wimbo ule? Na ameandika "yetu" na "ya Marvin". Mtu akisema "yetu", si ameshachagua? Anataka tu nimwitikie.

Mama husema barua inayovuka bahari haibebi kilio, maana aliye mbali hawezi kukupangusa machozi. Hapa kila mtu anaishi hivyo. Wa huku wanaandika kwema, wa nyumbani wanaandika kwema.

Nisaidie.

Milcah

—

Al Mansoura,
1 Machi 2024

Mjomba Laban,

Shikamoo. Nimefurahi koti limekutosha. Vimetameta ni vya fundi wa abaya. Wakati huu ana kazi nyingi za Ramadhani na mabaki ni tele.

Nimesikiliza folda zote mbili. Folda ya kwanza ni nzuri sana. Ndiyo Tausi wa Chuma wenyewe. Nimependa mayowe yako kwenye wimbo wa kwanza, na ile "hoi hoi" inapendeza. Ile ya Marvin pia si mbaya, lakini ni ya huzuni, na watu wana huzuni zao tayari.

Toeni yenu, Mjomba. Usibadilike kwa sababu ya watoto wanaoangalia viatu.

Mama anakusalimu. Barua hii anakuletea Proscovia wa hotelini, anapitia Nairobi akielekea kwao Jinja. Ataiacha kwa dereva wa basi la Nakuru.

Mpwa wako akupendaye,
Milcah

—

Nairobi,
2 Machi 2024
(barua pepe)

Milcah wewe,

Manze hata swali hakuna hapo. Mwambie ukweli! Amekuuliza kwa sababu hana mwingine wa kumwambia. Kama angetaka mtu wa kumpigia makofi si angeuliza mamako? Na hiyo "yetu" umeisoma vibaya. Mtu anaweza kusema "nyumba yetu" na bado anataka kuhama.

Andika leo. Usijifanye mgonjwa, nakujua.

Gakii

—

Nakuru,
20 Machi 2024

Mpwa wangu,

Barua yako ilinipata. Niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Nimekushukuru.

Nimewaambia wenzangu kwamba nimeamua tutoe ile ya kwanza. Nimesema ni mimi niliyeamua, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na mtu. Marvin alifunga ngoma zake kwa lile blanketi lake akaenda nyumbani. Atazoea. Tunajuana tangu tukipiga madebe nyuma ya jikoni ya shule.

Uzinduzi ni mwezi wa tano, Nairobi. Nitavaa koti lako. Mvua imeanza, mahindi yatakuwa mazuri.

Ulisikia mpaka wimbo wa nne? Nauliza tu.

Mjomba wako,
Laban

—

Nairobi,
19 Mei 2024
(barua pepe)

Milcah,

Nilienda jana kwa uzinduzi kama ulivyoniomba. Nimefikiria nikudanganye, halafu nikakumbuka nilivyokusema mwezi wa tatu.

Haikuwa poa.

Ukumbi ulikuwa mdogo, huko Westlands, na watu walikuja kwa sababu ya bendi iliyopiga kabla yao, watoto wa rika letu wenye gitaa za kunung'unika. Walipomaliza, nusu ya watu wakatoka kwenda kuvuta hewa. Mjomba wako akapanda. Milcah, lile koti! Taa zilipolipiga, ukuta wote ukajaa nyota. Mimi nilipiga makofi, naapa. Lakini nyuma yangu jamaa mmoja akapaza sauti kama anayemwita nyanya yake, "Shosho, umevaa pazia?" Watu wakaangua kicheko. Mwingine akamwambia, "Buda, rudisha koti la mamako, baridi itamuua!"

Mjomba wako alishika maikrofoni akasema, "Si la mama. Ni la mpwa wangu. Amelishona kwa mkono wake huko Doha." Wakacheka zaidi. Akabusu mkono wa koti, akaanza kuimba.

Walipofika kwenye ile "Geti la Wenyewe", bendi ikaita "hoi hoi" na ukumbi haukuitikia. Wakaita tena. Kimya. Yule mpiga ngoma mrefu akasimamisha mikono hewani, akaviweka vijiti juu ya ngoma taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akashuka akapita katikati yetu akatoka nje. Mjomba wako aliumaliza wimbo bila ngoma. Sauti ilimkatika lakini aliumaliza.

Nilitaka kwenda kumsalimu, nikamwona amekaa nyuma ya spika anafuta wanja kwa kiganja. Nikamwacha.

Samahani rafiki yangu.

Gakii

—

Nakuru,
25 Mei 2024

Mpwa wangu Milcah,

Huku ni raha tupu! Uzinduzi ulikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Ukumbi ulitetemeka. Vijana walipaza sauti, hawakutaka kunyamaza. Koti lako lilizungumziwa na kila mtu.

Marvin ameomba apumzike kidogo. Ni kawaida kwa wapiga ngoma, mikono huchoka.

Dada Edith anasema unasubiri majibu ya chuo. Utapita tu. Usinihangaikie.

Mjomba wako,
Laban

—

Al Mansoura,
7 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya raha nimeipata kwa mkono wa Arnold, aliyeipokea kwa mtu uwanja wa ndege. Niliisoma nikiwa najua tayari. Rafiki yangu Gakii alikuwa ukumbini. Najua walichokuita. Najua ulichosema kuhusu koti.

Sasa ni zamu yangu.

Nilikudanganya. Folda ya kwanza sikuipenda. Sikuimaliza hata, niliruka nyimbo. Ya pili niliisikiliza mpaka flashi ikapata joto. Uliniuliza kama nilifika wimbo wa nne. Nilifika na sikutoka. Naijua pumzi ya mwisho ilipo. Nilikuwa nimekaa kitandani na ghafla nikamwona mtu aliyekuja na biskuti Ijumaa, na nikajua alikotoka kabla ya kugonga mlango wetu, na sisi tulikuwa tunamwambia, "Tuigizie honi tena!"

Nilitaka kukuandikia hivyo. Lakini koti lilikuwa limeshafika, nawe uliandika "yetu", na hapa tumezoea kwamba anayependwa haambiwi linaloumiza. Nilidhani nakulinda. Kumbe nilikuwa nimelinda adabu yangu.

Tafadhali mwambie Marvin kwamba mtu uliyemuuliza ni mimi. Sitaki achukie mtu asiyestahili.

Sijui niandike nini hapa chini mahali pa "akupendaye". Nakupenda, lakini nililiandika mara ya kwanza pia.

Milcah

—

Nakuru,
4 Agosti 2024

Milcah wangu,

Barua hii inakuja na Marvin. Ndiyo, Marvin. Pasipoti alikuwa nayo tangu zamani, tulipopanga kuja huko pamoja, nikatangulia mimi, yeye akabaki na mama yake mgonjwa. Baada ya uzinduzi hakushika ngoma tena. Mwezi wa sita akaenda kwa wakala, na sasa kampuni ya ulinzi imempa kazi. Ukishangaa, shangaa na hili: wamempanga Al Rayyan, kwenye geti.

Nilimwomba asiende. Akaniambia, "Wewe uliliona, ukaliimba kwa 'hoi hoi'. Acha mimi nikalione."

Nimekujibu kwa kuchelewa kwa sababu barua yako ilinipiga mahali pake. Sikiliza. Mimi pia nilikudanganya, na mimi ni mkubwa. Nilipokuandikia Februari nilikuwa ninaitaka ile ya pili. Niliiogopa kwa sababu mimi nimo ndani yake, bila wanja. Miaka yote ile huko nilikuja kwenu nikicheka, nilirudi nyumbani nikicheka, nikajipaka rangi ya mdomo ili niendelee kucheka. Nilitaka mtu mmoja aniambie si aibu. Nikaenda kumuuliza mtu mwenye huruma kuliko wote, na nikamwandikia "yetu" ili asijue. Hilo ni kosa langu, usilibebe lote.

Lakini Marvin usimwambie. Anajua niliamua mwenyewe na ameshanitukana kwa hilo, yamekwisha. Ana mkataba mrefu mbele yake katika nchi ngeni, na nyumbani kwenu ndipo mahali pekee atakapokula ugali. Mwachie mlango mmoja asioukasirikia.

Taulo la hoteli nalirudisha. Koti nabaki nalo.

Laban

—

Al Mansoura,
24 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Taulo limefika. Mama aliliangalia, akaliweka kabatini bila neno, kwa hiyo tutalisikia siku nyingine.

Sikukutii. Nakueleza jinsi ilivyokuwa.

Jana Marvin alikuja kanisani Abu Hamour, kampuni ilipompa Ijumaa yake ya kwanza ya mapumziko, na mama akamleta kwetu ale. Barua yako alinipa mlangoni, nikaisoma nyuma ya pazia langu. Ni mrefu kuliko kwenye picha. Ameungua usoni, mstari wa kofia unaonekana kwenye paji. Mama alimuuliza habari za nyumbani, akasema kwema. Kazi je? Kwema. Mwenye nyumba? Mtu mwema, ana paka. Halafu akaiga jinsi paka anavyomtazama, na mama akacheka mpaka akaweka sahani chini.

Mimi sikuweza kucheka. Niliona Ijumaa zote za zamani zimerudi kukaa kwenye kiti kilekile.

Wakati wa kuondoka nilisema nitamsindikiza mpaka barabarani basi la kampuni linapowapitia. Mama alinitazama kama mtu aliyesikia kabati likizungumza. Tukasimama kwenye kivuli cha duka la baqala. Joto lilikuwa linapanda kutoka chini. Nikamwambia.

Nilisema, "Mtu aliyechagua folda ya kwanza ni mimi. Mjomba alinifichia. Niliipenda ya pili nikaandika uongo."

Vidole vyake vilikuwa vinagonga paja, halafu vikaacha.

"Kwa nini?"

"Niliona vibaya kumuumiza."

"Kwa hiyo mimi nasimama juani," akasema, "kwa sababu wewe una adabu."

"Ndiyo."

"Na Laban nilimtukania mama yake bure."

"Mama yake ni nyanya yangu," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Pembe ya mdomo wake ilitikisika, kisha ikatulia. Hakucheka. Alisema, "Basi nimewakosea wengi."

Basi lilionekana kwenye taa za barabara. Nilidhani ataondoka bila neno, na nilijiambia anayo haki. Lakini aligeuka akaniuliza, kwa ukali, kama mwalimu asiyeamini umesoma kitabu, "'Geti la Wenyewe'. Mwishoni. Kuna nini?"

"Ngoma zinaacha," nikasema. "Halafu mtu anavuta pumzi. Nilidhani ni Mjomba. Leo ulipopanda ngazi zetu ukavuta pumzi mlangoni, nikajua ni wewe."

Wenzake walikuwa wanamwita kutoka dirishani, "Marvin, ingia, AC inatoka nje!" Yeye akabaki amesimama.

"Studio nzima walitaka tuikate hiyo pumzi," akasema. "Nilikataa."

Hakusema amenisamehe, Mjomba, nami sitakuandikia kwamba alisema. Alipanda basi. Halafu dirisha likafunguka akatoa kichwa, akapaza sauti kwa barabara nzima:

"Mwambie Laban anitumie vijiti vyangu! Geti ni la chuma, linalia!"

Kevin wa ghorofa ya pili ndiye anayekuletea barua hii, na anarudi kazini mwezi ujao. Mpe vijiti. Avibebe mkononi, visivunjike. Na usiandike kwamba huko ni raha tupu. Kama bado unaona vibaya kuandika la kweli, vifunge tu kwa gazeti. Mimi mwenyewe nitampelekea Marvin, mpaka Al Rayyan, na nitagonga.

Milcah